"Imechomekwa, Haichaji": Ni Nani Aliyegoma?

Mtafiti wa lugha anayekwenda kijijini hufundishwa kubeba kinasa sauti, daftari na barua ya utambulisho. La kufanya kompyuta inapokataa kujaa umeme, hatufundishwi. Pengo hilo nililiona nilipokuwa nikirekodi ngano za Kihunde huko Masisi, kisha za Kinyanga huko Walikale. Ninaandika haya ili mwenzangu atakayefuata asipoteze siku nne kama nilivyozipoteza mimi.

Ilianzia Masisi, kwenye kibanda cha kuchaji simu: paneli ya sola juu ya paa, betri ya gari chini ya meza, na inverta ya kugeuza volti 12 kuwa 220. Kompyuta yangu ilikuwa imebakiza asilimia 11. Nikachomeka. Taa ya chaja ikawaka, alama ya plagi ikatokea kwenye kioo, lakini ujumbe ukasema kwamba imechomekwa, haichaji. Baada ya saa mbili asilimia zilikuwa 11 zile zile. Kijana wa kibanda akanitazama akasema, "Mwalimu, mashine yako inakula lakini haishibi."

Hapo mwanafunzi wa lugha angepaswa kuuliza swali la sarufi: katika "haichaji", kiambishi *i* kinasimama badala ya nini? Kompyuta, betri, chaja, inverta: zote ni za ngeli ya I-ZI. Sentensi inatangaza mgomo bila kumtaja aliyegoma. Mimi nilimhukumu betri papo hapo, nikaanza kuhesabu fedha za kuagiza mpya kutoka Goma. Kumbe nilipaswa kuwahoji washukiwa mmoja mmoja, kuanzia ukutani kuelekea ndani.

Chanzo cha umeme. Chomeka kitu kingine mahali hapo hapo uone kama kinafanya kazi sawasawa. Kisha tazama nguvu ya inverta. Chaja nyingi za kompyuta huhitaji wati 65 hivi. Inverta ndogo inayolisha pia simu ishirini inaweza kuzidiwa. Jenereta ambayo mwendo wake unapanda na kushuka nayo huleta taabu. Omba simu ziondolewe kwa dakika kumi, ujaribu tena. Mimi niliomba, kijana akakubali, na hali haikubadilika.

Chaja. Soma maandishi yaliyo juu yake. Upande wa kuingia huandikwa volti 100 hadi 240. Upande wa kutoka, yangu iliandikwa volti 19.5 na ampea 3.34, ukizidisha unapata wati 65. Volti lazima zilingane na zile zinazotakiwa na kompyuta. Ampea zikizidi si neno, zikipungua ni tatizo. Kama kompyuta yako huchajiwa kwa tundu la USB-C, chaja ndogo ya simu haitatosha hata kama inaingia vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua. Katika aina kadhaa za kompyuta, ncha ya chaja ina sindano nyembamba katikati. Sindano hiyo haibebi umeme wa kuchaji. Kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa kompyuta. Ikipinda, ikikatika, au chaja ikiwa ya kuigiza, kompyuta haimtambui mgeni. Itakubali kuwaka kwa umeme wake, lakini itakataa kujaza betri. Inakula, haishibi!

Kompyuta yenyewe. Angalia kama haijawekewa kikomo. Ziko programu zinazosimamisha chaji kwenye asilimia 60 au 80 ili betri idumu. Ukikuta imesimama hapo, huo si ugonjwa. Angalia joto pia: betri ya lithiamu ikipita nyuzi 45 hivi huzuiwa kuchaji, na chini ya bati la kibanda saa nane mchana joto hilo haliko mbali. Kisha zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, urudishe kila kitu na kuwasha upya.

Betri. Huyu ahojiwe mwisho. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike *powercfg /batteryreport*. Utapata ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake sasa. Namba ya pili ikiwa theluthi ya ile ya kwanza, betri imechoka. Yangu ilikuwa bado nzima. Lakini ukiona betri imevimba, au kibodi imeinuka, acha kuchaji mara moja. Usiitoboe wala kuikandamiza, inaweza kuwaka moto.

Nilifika Walikale na tatizo lile lile. Mzee niliyekwenda kumrekodi hakuweza kutembea hadi kwenye umeme, na kompyuta yangu haikuweza kuondoka kwenye umeme. Kadi ya kinasa sauti ilikuwa imejaa. Nikafungua daftari. Nilijipa moyo kwamba utenzi wa Mwindo wenyewe, ambao Candi Rureke aliusimulia kwa siku kumi na mbili mwaka 1956 mbele ya Daniel Biebuyck na wasaidizi wake, uliandikwa kwa mkono. Lakini mkono wangu haukuweza kufuata sauti ya mzee pale alipoimba.

Siku ya nne muuguzi mmoja aliniazima chaja yake, ya asili, yenye volti zile zile. Nikachomeka: 11, 12, 13. Mgomaji alikuwa chaja niliyoinunua kwa bei nafuu kabla ya safari. Ndani ya vifaa hivi huwa mna risasi ya kulehemu yenye bati, madini ambayo Walikale huyachimba kule Bisie. Umeme wa kuvilisha ndio tunaoutafuta vibandani.

Kabla ya kuhoji mshukiwa yeyote, maadamu kompyuta inawaka, nakili sauti zako kwenye flashi. Mimi nilikuwa na saa tisa za Masisi mahali pamoja tu, na jambo hilo nililifanya mwisho. Betri hununuliwa Goma. Sauti ya mzee hainunuliwi popote.