Diski Inapokataa Kuandikwa: Ni Nani Aliyeifunga?

Wale waliokuwa na redio-kaseti watakumbuka vile vijipande viwili vya plastiki vilivyokuwa mgongoni mwa kila kaseti. Aliyetaka taarabu yake isifutwe alikivunja kimoja, na tangu hapo kitufe cha kurekodia kilikataa kubonyea. Utepe wenyewe haukuwa umebadilika hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba kidole kidogo ndani ya redio kilitumbukia katika tundu lililoachwa wazi, kikaizuia swichi.

Kompyuta kubwa za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia hila ya namna hiyo. Gurudumu la tepu lilivikwa pete ya plastiki, na pete isipokuwapo mtambo ulisoma tu, haukuandika. Diski laini za inchi 3.5 zilipokuja zilikuwa na kijifuniko cha kusogeza, na kadi za kumbukumbu za kamera zina kiswichi ubavuni mpaka leo. Inafaa mwanafunzi ajue kwamba kiswichi hicho hakikuunganishwa na chochote ndani ya kadi. Kisomeo cha kadi ndicho kinachokitazama na kukataa. Ndiyo maana kadi iliyo wazi yaweza kukataliwa na kompyuta yenye kisomeo kibovu, kisha ikapokewa vizuri na kompyuta ya jirani.

Hapo tunapata swali litakalotuongoza katika makala haya: kompyuta inaposema kwamba diski imekingwa isiandikwe, ni nani hasa aliyekataa? Katika kaseti jibu lilionekana kwa macho. Katika seva ya kisasa inayotunza nakala za akiba, wakataaji ni wengi, wote hutoa ujumbe unaofanana, na baadhi yao wana haki kabisa ya kukataa.

Mashine ndani ya mashine

Ofisi nyingi siku hizi hazinunui kompyuta moja kwa kila kazi. Mtambo mmoja wenye nguvu hugawanywa na programu maalumu ukawa kama kompyuta kumi au ishirini, kila moja ikijiona iko peke yake. Wataalamu wa istilahi huziita mashine pepe. Jina hilo lina harufu kidogo ya uganga, lakini linaeleweka. Diski ya mashine pepe si chombo cha kushikika. Ni faili kubwa tu lililowekwa katika ghala la diski halisi.

Mojawapo ya mashine hizo yaweza kupewa kazi ya kutengeneza nakala za akiba za wenzake. Usiku hufanya hivi. Diski ya mashine ya jirani, tuseme ile yenye alama za mitihani, hugandishwa: tangu dakika hiyo faili lake la asili haliguswi, na kila badiliko jipya huandikwa katika faili la pembeni. Kisha faili lililogandishwa huchomekwa katika seva ya akiba kana kwamba ni diski yake, husomwa, halafu huchomolewa. Mwishowe yale mabadiliko ya pembeni huunganishwa na faili la asili.

Mwalimu wa jiografia ataielewa njia hii upesi. Ni kama kutandaza karatasi ya kufuatishia juu ya ramani, na kuchora barabara mpya juu ya karatasi badala ya ramani. Mtu akija usiku akaihamisha mito ya ramani iliyo chini, karatasi ya juu haina maana tena. Madaraja yatakuwa yamechorwa nchi kavu. Kadhalika, anayeandika katika diski iliyogandishwa huku faili la pembeni likiitegemea, huharibu vyote viwili kwa pamoja.

Sasa tuchukue kwamba kazi ya usiku imekatika njiani. Asubuhi msimamizi anaikuta katika seva ya akiba diski asiyoitambua, nayo imekingwa isiandikwe. Katika Windows, programu ya kusimamia diski iitwayo diskpart ina amri ya kuiondoa kinga hiyo, yenye maneno manne tu: attributes disk clear readonly. Wanafunzi wangu huipata amri hiyo kabla hawajamaliza kuusoma ujumbe wa kosa. Mimi huwataka wajue kwanza diski ni ya nani.

Aliyeifunga hapa, aghalabu, ni Windows yenyewe. Tangu toleo la mwaka 2008, Windows Server ina kanuni kuhusu diski zinazoletwa kwa njia inayotumiwa na kompyuta kadhaa kwa pamoja: yaweza kuagizwa iziache zimelala na kuzifunga zisiandikwe, mpaka msimamizi aamuru vinginevyo. Ukiandika neno san ndani ya diskpart, utaonyeshwa kanuni inayotumika. Sababu ya tahadhari hiyo ni kwamba kuiamsha tu diski kwaweza kuibadilisha. Diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani ina alama ya utambulisho ya baiti 4 katika sekta yake ya kwanza, kuanzia nafasi ya 440. Windows haikubali diski mbili zenye alama moja ziwe kazini pamoja. Jambo hilo hutokea kwa urahisi pale seva ya akiba na jirani zake zilipozaliwa kwa kunakili kiolezo kimoja. Ukiilazimisha ya pili iamke, itaandikiwa alama mpya. Iwapo hiyo ndiyo diski ya kuwashia mashine ya jirani, kumbukumbu zake za kuwashia zitaitafuta alama ya zamani na kuikosa, na mashine haitawaka. Baiti 4 tu, katika diski yenye mabilioni ya baiti.

Kwa hiyo linganisha ukubwa wa diski hiyo na jina la faili lake katika mipangilio ya mashine pepe. Ikiwa ni ya jirani, kinga iache ilivyo. Hakikisha kwamba kazi ya kunakili imesimama, uichomoe diski kutoka seva ya akiba bila kulifuta faili lake (vitendo hivi viwili huwekwa karibu mno katika orodha, nami naona huo ni usanifu mbaya), kisha uamuru faili la pembeni liunganishwe na asili. Usikawie, kwani faili la pembeni huendelea kukua, na ghala likijaa mashine zote zinazolitumia zaweza kusimama. Ikiwa diski ni ya seva ya akiba yenyewe, mathalani ghala jipya la kuwekea nakala, hapo tahadhari ilizidi kiasi. Iamshe na uiondolee kinga kwa ile amri ya maneno manne.

Linux inapojifunga yenyewe

Katika Linux kisa huwa kingine. Diski iliyokuwa ikiandikika jana usiku inakataa leo, wala hakuna aliyeigusa. Mara nyingi ghala la diski lilichelewa kujibu, pengine baada ya umeme kukatika na kurudi. Kwa kawaida Linux huingoja diski ya namna hii sekunde 30 kabla ya kuhesabu kwamba ombi limeshindwa. Mfumo wa mafaili ukiona maandishi yake hayakufika, na mpangilio wake hauaminiki tena, huweza kujigeuza uwe wa kusoma tu. Kuulazimisha ufunguke papo hapo ni kuandika juu ya mpangilio wenye mashaka. Amri ya dmesg itaonyesha kosa lilianzia wapi. Tengeneza kwanza ghala, nakili yaliyo muhimu, ondoa diski kazini, uikague kwa fsck, ndipo uirudishe.

Flashi za shuleni nazo hujifunga. Kidhibiti cha baadhi yake, kikiona seli zimechakaa, huzuia maandishi mapya ili yaliyomo yaendelee kusomeka. Ijaribu katika kompyuta nyingine. Ikikataa huko pia, nakili alama za wanafunzi siku hiyohiyo wala usipoteze muda kuiumba upya.

Kinga iliyowekwa kwa makusudi

Imebaki kinga isiyo kosa hata kidogo. Mwezi Mei 1999 hadi leo virusi vya kompyuta vimebadilika sana. Ile programu haribifu ya WannaCry, iliyoenea duniani Mei 2017, ilifunga mafaili ya watu kwa fumbo na kudai fidia, na pia ilifuta nakala ambazo Windows hujiwekea yenyewe. Wavamizi wa aina hiyo hujitahidi kuziharibu nakala za akiba mapema, kwa kuwa mwenye nakala nzima hana haja ya kulipa. Kwa sababu hiyo maghala mengi ya akiba sasa hupokea maandishi mara moja tu, kisha hukataa badiliko lolote mpaka siku zilizopangwa zipite. Ziko pia tepu za aina ya LTO ambazo zikiandikwa haziandikwi tena kamwe.

Ghala likipangwa kwa ukali kamili, hata msimamizi mkuu hukataliwa, kwani mvamizi aliyeiba nywila yake angekuwa na uwezo uleule. Ukiikuta diski ya namna hiyo imejaa, tafuta diski nyingine ya kuwekea nakala za leo usiku, na uisubiri ile mpaka tarehe yake ifike.