Ufugaji wa chura wa Kihansi

Ufugaji wa chura wa Kihansi ni kazi ya kutunza na kuzalisha chura mdogo wa Tanzania (jina la kisayansi: Nectophrynoides asperginis) ndani ya matangi ya kioo, mbali na korongo alikotoka. Kazi hiyo ilianza mwishoni mwa mwaka 2000. Miaka michache baadaye vyura walitoweka kabisa porini, na kwa muda spishi nzima ikawa hai ndani ya matangi hayo tu. Tangi la namna hiyo huitwa terariamu. Hufanana na tangi la samaki, lakini badala ya kujazwa maji huwekwa udongo, mawe, mimea na hewa yenye unyevu.

Watu wengi duniani hufuga mijusi, nyoka, vyura na nge katika terariamu kwa sababu wanawapenda, na mnyama akifa hupatikana mwingine. Kwa chura wa Kihansi hali ilikuwa tofauti: kila tangi lililokufa lilikuwa sehemu ya spishi iliyopotea.

Chura mwenyewe

Chura wa Kihansi ni mdogo sana. Jike hufikia sentimita 2.9 na dume sentimita 1.9 hivi, kiasi cha kuweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Rangi yake ni ya manjano, mara nyingi na mistari ya kahawia ubavuni. Ngozi ya tumbo huangaza, hata katika jike mwenye mimba watoto huonekana kwa ndani. Jina asperginis limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu.

Vyura wengi hutaga mayai majini, mayai yakaangua viluwiluwi, na viluwiluwi wakageuka kuwa vyura. Huyu hapiti njia hiyo. Mbegu za dume huyakuta mayai ndani ya mwili wa jike, watoto hukua humo humo, na jike huzaa vyura kamili wenye miguu minne, kwa kawaida 5 hadi 13 kwa uzazi mmoja. Mtoto anapozaliwa ana urefu wa milimita 5 hivi. Jenasi yote ya Nectophrynoides inapatikana Tanzania peke yake, hasa katika misitu ya milima ya mashariki.

Kwa mfugaji, uzazi huu una faida moja na shida moja. Faida ni kwamba hahitaji kidimbwi cha kulelea viluwiluwi. Shida ni kwamba tangu siku ya kwanza anao vyura wadogo kama punje ya mchele ambao wanataka mawindo madogo zaidi yao.

Korongo na bwawa

Chura huyu aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa kusini mwa Tanzania. Maelezo yake ya kisayansi yalitolewa na Poynton, Howell, Clarke na Lovett. Eneo lake lote lilikuwa takriban hekta 2 tu. Hapo maji ya maporomoko yalipiga miamba yakageuka manyunyu usiku na mchana, mwaka mzima, na kulowesha majani mafupi, kangaga na mimea ya Selaginella. Nje ya manyunyu hayo, hata hatua chache tu, chura huyu hakuonekana.

Watafiti walifika korongoni kwa sababu ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ya Chini ulikuwa umekwisha kuanza. Mradi huo, wenye uwezo wa megawati 180, ulipata mkopo wa Benki ya Dunia, na umeme wake ulihitajika sana nchini. Bwawa lilijengwa juu ya maporomoko, na maji yakapitishwa ndani ya mwamba hadi kwenye mitambo. Mitambo ilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji iliondolewa kwenye njia yake ya asili. Manyunyu yakakatika na eneo likaanza kukauka.

Hatua mbili zilichukuliwa kwa haraka. Ya kwanza ilikuwa kutandaza mabomba korongoni na kunyunyizia maji kwa kutumia nguvu ya mteremko, ili kuiga manyunyu yaliyopotea. Ya pili ilikuwa kuwakamata baadhi ya vyura na kuwapeleka ng'ambo kama akiba. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani, kwa makubaliano kati ya serikali ya Tanzania na bustani ya wanyama ya Bronx iliyoko New York, kisha wakagawanywa katika bustani kadhaa.

Kwa muda ilionekana kwamba mabomba yanatosha. Hesabu ya Juni 2003 ilikadiria vyura zaidi ya 17,000 korongoni. Katika miezi iliyofuata wakafa karibu wote, na Januari 2004 walionekana watatu tu. Sababu inayotajwa zaidi ni ugonjwa wa kitridio, unaosababishwa na kuvu Batrachochytrium dendrobatidis. Kuvu hii hushambulia ngozi, na ngozi ya chura ndiyo inayosimamia maji na chumvi za mwili wake. Wakati huo huo lango la bwawa lilifunguliwa ili kusukuma matope yaliyojaa chini, na matope hayo yalikuwa na mabaki ya dawa za kuulia wadudu kutoka mashambani. Wanasayansi hawajakubaliana ni kiasi gani cha lawama kiende kwa kila kimoja. Mwaka 2009 IUCN ilimtangaza chura huyu kuwa ametoweka porini.

Matangi yalivyokaribia kushindwa

Husemwa mara nyingi kwamba vyura waliopelekwa Marekani ndio waliookoa spishi. Ni kweli, ila haikuwa rahisi kama sentensi hiyo inavyodokeza. Kufikia Desemba 2004 waliobaki hai katika matangi yote walikuwa chini ya 70. Bustani nyingi zilipoteza wote waliopewa. Mbili tu ziliweza kuendelea nao, Bronx na Toledo ya jimbo la Ohio.

Hakuna aliyekuwa amewahi kumfuga mnyama huyu, na wala hakukuwa na muda wa kujifunza polepole. Vyura walisumbuliwa na minyoo ya mapafu, maambukizi ya bakteria na matatizo ya lishe. Minyoo ya mapafu inaeleza vizuri ugumu wa terariamu. Porini mabuu ya minyoo hutawanyika katika eneo pana, na chura hukutana na wachache. Ndani ya tangi mabuu hutoka na kinyesi, hubaki kwenye udongo ule ule wenye unyevu na joto la kufaa, na huingia tena katika chura yule yule. Tangi huongeza idadi ya vimelea siku hadi siku isipokuwa mfugaji abadilishe udongo na kutoa dawa. Unyevu unaompa chura uhai ndio huo huo unaowalea vimelea wake.

Mahitaji ya terariamu

Maji ndiyo jambo la kwanza. Chura hanywi kwa mdomo, bali huvuta maji kupitia ngozi, na chochote kilichomo ndani ya maji huingia naye. Klorini inayowekwa katika maji ya bomba kwa usalama wa watu inaweza kumdhuru. Kwa hiyo maji huchujwa kwanza, kisha husukumwa na pampu kupitia matundu membamba yanayotoa ukungu mara kadhaa kwa siku, kwa kufuata saa. Tangi lazima liwe na tundu la kutolea maji chini na uwazi wa kupitishia hewa juu. Unyevu usio na hewa huozesha mimea na kuleta magonjwa ya ngozi, kosa ambalo wafugaji wapya wa vyura hulifanya mara kwa mara wakidhani kwamba tangi lililofunikwa kabisa ndilo lililo bora.

Joto nalo lina mipaka. Korongo la Kihansi hupozwa na maji, hivyo chura huyu hapendi chumba chenye joto kali ingawa ametoka nchi ya tropiki. Wengi hushangaa kusikia kwamba mnyama wa Tanzania anahitaji chumba chenye kipoza hewa akiwa Dar es Salaam.

Mwanga unahitajika kwa mimea na kwa mifupa pia. Taa maalumu hutoa mionzi ya urujuanimno inayosaidia mwili kutengeneza vitamini D3, ambayo bila hiyo kalisi haitumiki ipasavyo. Chura aliyekosa kalisi au vitamini hiyo hupata mifupa laini, taya hupinda, na hatimaye hawezi kukamata mdudu.

Chakula huenda ndiyo kazi inayochukua saa nyingi kuliko zote. Chura hushambulia kitu kinachojongea, kwa hiyo wadudu lazima wawe hai na wadogo. Wakubwa hupewa inzi wa matunda na nyenje wachanga waliotoka kuangua. Watoto wa milimita 5 hupewa kolembola, viumbe wadogo mno wanaoruka kwa kufyatua mkia, wapatikanao kwenye majani yanayooza. Kabla ya kutolewa, wadudu hupakwa unga wa kalisi na vitamini, kwa sababu mdudu mmoja au wawili waliofugwa katika chupa hawana virutubishi vya mamia ya aina za wadudu wa korongoni. Maana yake ni kwamba anayefuga vyura hufuga pia wadudu, na chupa za inzi zikiharibika leo vyura watalala njaa wiki ijayo. Hakuna duka la kukimbilia.

Suala la uzazi lilikuwa jepesi kuliko ilivyotarajiwa mara mahitaji hayo yalipofahamika. Vyura walio na afya, waliowekwa madume na majike pamoja, walizaa bila kuchochewa. Jambo gumu zaidi ni nasaba. Kwa kuwa wote waliopo wametokana na vyura wachache waliopona, wasimamizi hujaribu kuzuia kundi moja lisizae kupita mengine, na huhamisha vyura kati ya matangi. Chura mdogo kiasi hiki ni vigumu kumwekea alama, hivyo kumbukumbu huandikwa kwa kundi na si kwa chura mmoja mmoja.

Kinga dhidi ya kuvu

Chura mgonjwa wa kitridio anaweza kutibiwa katika tangi kwa kuogeshwa kwenye maji yenye dawa ya itrakonazoli. Porini tiba hiyo haiwezekani, maana haiwezekani kuogesha korongo zima. Kwa sababu hiyo vituo vya ufugaji hutenga chumba cha vyura wa Kihansi mbali na wanyama wengine. Wahudumu hubadilisha viatu na glavu, vifaa vya tangi moja haviingii katika jingine, na maji machafu husafishwa kwa dawa kabla ya kumwagwa.

Hapa pana somo kwa kila anayefuga chura au mjusi nyumbani au shuleni: mnyama aliyewahi kukaa katika tangi haachiliwi porini kwa huruma tu, kwani anaweza kubeba ugonjwa ambao wenyeji wa porini hawajawahi kukutana nao. Kuhusu chura wa Kihansi mwenyewe, ufugaji wa binafsi haupo kihalali. Jenasi yake imo katika Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, kinachozuia biashara ya kimataifa.

Kurudi nyumbani

Mwezi Agosti 2010 vyura 100 kutoka Bronx na Toledo walirudishwa Tanzania kwa ndege na kuwekwa katika kituo maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watunzaji wa Kitanzania walikwisha kujifunza kazi hiyo. Ugumu ulikuwa umeme: pampu ya manyunyu, taa na kipoza hewa vyote vinautegemea, na kukatika kwa saa chache katika joto la pwani ni hatari. Mnyama aliyepoteza maji yake kwa ajili ya umeme sasa aliishi kwa umeme.

Kabla ya kuwarudisha korongoni ilibidi kujua kama wangeweza kuishi huko, kwa kuwa kuvu ilidhaniwa bado ipo. Mwaka 2012 vyura 48 walipelekwa kwa majaribio, na mwishoni mwa mwaka huo kundi kubwa zaidi likaachiliwa. Kurudisha porini mnyama wa majini na nchi kavu aliyekwisha kutangazwa kuwa ametoweka huko kulikuwa jambo geni duniani.

Chura aliyezaliwa tangini ana udhaifu wake. Vizazi vyake kadhaa havijawahi kukutana na siafu, kaa wa mtoni wala ukame wa ghafla, na chakula kilimjia kwa saa maalumu. Kwa hiyo uachiliaji umekuwa wa awamu, kundi baada ya kundi, huku matangi ya Dar es Salaam na Marekani yakiendelea kuzalisha. Tathmini ya IUCN ya mwaka 2015 ilimwacha katika kundi la waliotoweka porini, kwa sababu kuachiliwa peke yake hakuhesabiwi. Vyura lazima wazaane korongoni wenyewe na watoto wao wazaane pia. Mabomba ya kunyunyizia maji bado yanahitajika chini ya maporomoko, na anayeingia eneo hilo husafisha viatu vyake kwa dawa kwanza.