Lango la Ohinga: Usanifu wa Mwingilio wa Boma la Thimlich

Anayeingia katika boma la mawe la Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, hana budi kuinama. Lango lake ni njia fupi na nyembamba inayopenya ukuta, nayo imeezekwa kwa mawe bapa. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba lilifanywa hivyo kwa ajili ya ulinzi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa hiyo ni nusu tu ya habari.

Kwanza, jina lenyewe. Katika Kidholuo, thim ni mwitu na lich ni -a kutisha. Ohinga ni boma la mawe. Kulitafsiri neno hili kuwa "ngome", kama ifanyavyo mara nyingi, ni kusahau kwamba ndani mlikuwa na nyumba, mazizi na mawe ya kusagia nafaka. Inakadiriwa kuwa boma hili lilijengwa katika karne ya 16, na jamii mbalimbali zilipokezana kulikalia. Mabaki ya maboma ya aina hii, zaidi ya 500, yametawanyika katika eneo hilo la Ziwa Viktoria, Homa Bay ikiwamo.

Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa wastani wa mita 1. Hazina udongo wala saruji ya kuunganishia, na mawe yake hayakuchongwa. Safu ya nje na ya ndani zilipangwa kwa kufumana, kisha kati yake pakashindiliwa mawe madogo. Ukuta wa namna hii husimama kwa uzito wake. Ukitobolewa, uzito wa juu hukosa pa kutua.

Hapo ndipo fundi alipopimwa. Jiwe hustahimili kubanwa, lakini likilazwa juu ya uwazi huelekea kupindika, na jiwe likipindwa huvunjika. Kadiri mlango unavyopanuka, ndivyo jiwe la juu, ambalo mafundi wa leo huliita linta, linavyozidi kuhatarika. Kwa hiyo wembamba wa lango uliamuliwa na jiwe kabla ya kuamuliwa na adui. Fundi aliugeuza upungufu huo kuwa silaha: mvamizi aliingia mmoja mmoja, kichwa mbele, ilhali walinzi walikuwa karibu na lango upande wa ndani.

Mwaka 2000 Thimlich Ohinga iliorodheshwa na World Monuments Fund miongoni mwa turathi 100 zilizokabiliwa na hatari. Mwaka 2018, mjini Manama, ikawa Urithi wa Dunia. Hata hivyo, mizizi ya miti na miguu ya wanaopanda kuta huendelea kuyalegeza mawe. Linta ikiteleza, kishawishi cha kuibandika kwa saruji ni kikubwa. Saruji ingeugandisha ukuta uliozoea kujisogeza kidogo kidogo, na ufa ungehamia jiwe la pili. Fundi anayekarabati hulazimika kuyashusha mawe, kuyatia alama, na kuyapanga upya yalivyokuwa.