Siku Mbili Juu ya Pikipiki Mpya

Alfajiri tulipoiondoa kambini Kampala, mlinzi wa lango alitupigia saluti ya utani. Hatukumlaumu. Pikipiki tuliyoinunua ni Yamaha AG100, ile ambayo wananchi wamezoea kuiona chini ya mabwana shamba na wahudumu wa afya wa vijijini, wala haina umbo la kumfanya ofisa atazamwe barabarani. Injini yake ni ya sentimeta za ujazo 97 tu. Ina kiti kifupi cha mtu mmoja, kichanja cha mizigo mbele na kingine kikubwa nyuma, na mnyororo wake umefungiwa ndani ya kasha la chuma usiingiwe na vumbi wala tope. Mwenzetu mmoja aliizunguka mara mbili kisha akauliza kama tumepandishwa cheo kuwa bwana shamba.

Hatukuinunua kwa ajili ya Kampala. Nyumbani kwetu ni upande wa Muko, wilaya ya Rubanda, ambako viazi mviringo hulimwa kwenye miteremko inayomchosha hata mbuzi. Kutoka shambani hadi barabara kuu, gunia hubebwa kichwani au hukodishiwa pikipiki ya mtu, na mwenye pikipiki hujipangia bei anapoona mawingu ya mvua. Ndugu yetu mdogo ndiye anayelima. Kwa akiba ya miaka minne tulikusudia kumpelekea chombo, na kwa kuwa tulikuwa na likizo ya siku kumi, tuliamua kukipeleka wenyewe.

Tukiri pia kwamba tuliondoka na hofu. Mwaka mmoja kabla ya safari hii tulimzika sajini wa kikosi chetu, siku ya tisa baada ya kununua pikipiki yake. Alikuwa dereva hodari wa malori, mtu aliyepita mahali pengi pabaya bila kupata hata mchubuko. Kofia yake ya kujikinga ilikutwa chumbani, ingali ndani ya mfuko wa nailoni wa dukani. Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wanaweza kumtaja wa kwao.

Tuseme sasa jinsi inavyokwenda. Haiwashwi kwa kitufe, hupigwa kiki. Asubuhi ya kwanza ilikubali kwa pigo la tatu, ikatoa sauti nyembamba ya kukereza kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi, na nyuma yake likasimama wingu la moshi wa buluu. Injini hii ni ya mipigo miwili. Haina oili ya kuzunguka ndani yake kama ya gari. Oili hukaa katika tangi lake la pekee, pampu ndogo ikaivuta na kuichanganya na petroli, na yote mawili huungua pamoja. Moshi ndio ushuru wake. Katika msongamano wa Kampala, abiria wa teksi walitufungia vioo, nasi tukatazama mbele kama watu wasiohusika.

Gia zake tano huingia kwa upole, na klachi ni nyepesi mno kwa mkono uliozoea malori ya jeshi. Ila nguvu yake ina tabia. Injini ikizunguka polepole haina la kusema. Ukiongeza gesi hukaa kimya, kisha ghafla huamka, na asiyeijua hujikuta ameisogelea kwapa ya lori lililo mbele. Ilitubidi tufike Mpigi ndipo kiganja kijifunze kuigeuza gesi kidogokidogo. Breki nazo ni za ngoma, mbele na nyuma, na zikiwa mpya hazishiki sawasawa mpaka vipande vya ndani vichakae na kulingana na ngoma yake. Tairi mpya nazo huteleza zaidi siku za mwanzo. Kwa ufupi, siku ambayo mwenye pikipiki anajivuna kuliko siku zote ndiyo siku ambayo chombo chake kinashika barabara kwa udhaifu zaidi. Siku ya tisa si mbali na siku hiyo.

Kwa sababu ya upya huo hatukuilazimisha. Ringi za pistoni zinahitaji muda kuoana na silinda, na kuibana injini kwa gesi kamili saa nzima ni kuiua kabla haijakua. Tulikwenda kilometa 45, mara 55 kwa saa, tukibadilisha mwendo na kupumzika. Mabasi yalitupita yakitusukuma kwa upepo hadi ukingoni mwa lami. Tulivuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, tukala muchomo wa kuku Lukaya, tukaipita Masaka jua likiwa kichwani. Na hapo tukaanza kuridhika, maana moshi ulikuwa ukipungua. Baada ya Masaka ulikuwa uzi tu. Tukajisemea kwamba mashine imesafika kifua.

Lyantonde tulisimama kwenye kivuli walipoegesha vijana wa bodaboda. Mmoja wao, kijana mwembamba mwenye koti lililopinduliwa mbele nyuma kuzuia upepo, aliitazama eksozi, akatutazama viatu, akajua sisi ni nani.

"Afande, oili unayo?"

Tulimjibu kwa heshima ya kutosha kwamba pikipiki ni mpya, imetoka dukani jana yake.

"Hii aina isipotoa moshi, afande, mimi huwa naogopa."

Tulifungua kifuniko cha tangi la oili. Ndani hapakuwa na oili ya kusemwa. Palikuwa na utelezi mweusi chini kabisa, kiasi cha kupaka mkate. Duka lilikuwa limetia kikombe kimoja cha kuiwashia, na sisi hatukuuliza. Tungeendelea kilometa chache zaidi, pistoni ingekauka na kung'ang'ania ndani ya silinda, na injini ya namna hiyo ikikamata katika mwendo huifunga gurudumu la nyuma papo hapo. Anayejua huivuta klachi haraka. Asiyejua huanguka, na nyuma yake kuna basi.

Hapa hatuna wa kumlaumu zaidi ya sisi wenyewe. Katika chuo cha maafisa tulifundishwa kwamba gari haliondoki kabla ya kukaguliwa: maji, oili, tairi, breki, taa. Tumewaadhibu askari kwa kuruka ukaguzi huo. Lakini kwa kuwa kilikuwa chombo chetu wenyewe, kimenunuliwa kwa fedha yetu na kuvikwa utepe, tulikiangalia kama bwana harusi, si kama dereva. Kijana alituuzia lita moja ya oili ya mipigo miwili kwa bei ya haki, akakataa ya ziada tuliyompa, akachukua soda. Moshi uliporudi tuliufurahia kama mgeni.

Mbarara tulilala kwa rafiki. Siku ya pili ilikuwa ya vilima vya Ntungamo na Kabale, na huko mashine ilitushangaza kwa wema. Ilipanda kwa gia ya pili na ya tatu bila kunung'unika, ingawa hewa ya juu ya mita 1,800 humpunguzia nguvu kila mwenye kabureta. Tulipovuka Kabale na kuanza kuteremka kuelekea Muko, wema ukaisha.

Dereva wa lori akiteremka huweka gia ndogo, injini ikashika uzito. Mkono wetu ulifanya hivyo kwa mazoea: tukafunga gesi, tukashuka gia, tukasubiri kushikwa. Hatukushikwa. Injini ya mipigo miwili haizuii sana. Pikipiki ilikimbia kama ndama aliyefunguliwa kamba, na kona ikaja. Tuliipita kwa breki zote mbili na sala fupi, tukasimama mbele kidogo, ngoma zikinuka moto. Liko na jambo la pili, baya kuliko hilo. Pampu ya oili hufuata gesi. Ukifunga gesi mteremko mzima huku magurudumu yakiizungusha injini kwa kasi, unaizungusha na oili haba. Tangu hapo tulipunguza mwendo kabla ya kilele, si baada yake. Tukabana breki na kuziachia, kubana na kuachia, na kila baada ya muda tukavuta klachi na kuipa injini gesi kidogo inywe.

Njia ya udongo ya kuingia nyumbani ndiyo iliyotuonyesha kwa nini ilitengenezwa hivi. Ina stendi upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, basi hata kwenye mteremko huegemea upande wa mlima. Kamwambie mwenye pikipiki nzuri ya mjini aiegeshe kwenye shamba la viazi la Kigezi!

Baba yetu alitoka, akaizunguka kimya, akabonyeza kichanja cha nyuma kwa viganja vyote viwili.

"Itabeba gunia ngapi, mwanangu?"

"Moja, mzee. Na liwe dogo."

Hakupendezwa na jibu, kwa kuwa jirani hupakia mawili na mtu juu. Ndugu yetu naye alinyoosha mkono apewe ufunguo. Hatukumpa siku hiyo. Asubuhi tulimfanya afungue kifuniko cha oili, apime tairi, abane breki, avae kofia, kisha ateremke mteremko wa kisimani kwa miguu akiikokota, asikie mwenyewe uzito wake. Alinung'unika kwamba yeye si kuruta. Siku ya nne alikwenda peke yake hadi Muko na kurudi.

Tulirejea Kampala kwa basi. Kila Jumatatu hutupigia simu, na kabla ya salamu za wazazi husema: "Oili nusu tangi, afande." Anafanya mzaha, lakini hajakosa Jumatatu hata moja.