Calais kwa Miguu, Shanta Mgongoni

Mwaka huu nimeombwa nijaze ukurasa mmoja wa kitabu chetu, nami nimeona nisimulie safari niliyoifanya Agosti 2024 na mjukuu wangu wa miaka 16. Tulikwenda Ufaransa kwa feri, tukalala usiku mmoja, tukarudi. Gari hatukuchukua, kila mtu alibeba shanta lake.

Wengi wenu mtashangaa, maana mnajua mimi na bahari hatupatani. Miaka yote niliyokaa Uingereza sikupanda chombo cha baharini hata mara moja. Mjukuu ndiye aliyening'ang'ania: "Babu, ni saa moja na nusu tu."

Tulifika Dover asubuhi kwa treni. Maofisa wa Ufaransa hukagua paspoti huku huku Dover kabla ya mtu kupanda, kisha abiria wa miguu huchukuliwa kwa basi hadi melini. Bahari hapo ni nyembamba, kiasi cha kilomita 33, na siku hiyo ilikuwa shwari. Hata hivyo nilikaa ndani, mbali na dirisha, tasbihi mkononi. Bibi alitufungia maandazi na chupa ya chai. Nanyi mkienda, chukueni chakula chenu.

Calais, mbele ya jumba la manispaa, ipo sanamu ya Rodin iliyozinduliwa mwaka 1895. Ni ya wazee sita waliojitoa kwa Mfalme Edward III mwaka 1347 ili watu wa mji wasalimike. Wamesimama miguu mitupu, wamevaa kamba shingoni. Mjukuu aliwazunguka mara mbili, hakusema neno.

Siku ya pili tulifuata ufuo kuelekea magharibi. Tulipita Blériot-Plage, panapoitwa kwa jina la Louis Blériot, aliyeruka kutoka huko kwa ndege hadi Dover tarehe 25 Julai 1909. Tukapita Sangatte, tukapanda Cap Blanc-Nez, mlima wa chokaa wenye mita 134 juu ya bahari. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 10, na magoti yangu yalizihesabu zote.

Kutoka juu tuliiona Uingereza, nyeupe, ng'ambo ya maji. Mjukuu akakumbuka Novemba 2021, watu wasiopungua 27 walipokufa maji humu wakijaribu kuvuka kwa boti ya mpira. Akaniuliza, "Babu, kwani hawajui kuwa ni hatari? Mtu anampandishaje mtoto wake chombo kama kile?"

Nikavua shanta, nikakaa chini, nikamweleza.

Mwaka 1964 nilikuwa na miaka saba. Tuliondoka Pemba usiku kwa mashua ndogo, watu wengi kuliko ilivyoweza kubeba, tukielekea Tanga. Mama alinipa kopo tupu la maziwa, nikafua maji ya ngama hadi alfajiri. Sikuwa na nguvu ya kuleta tofauti kubwa. Nadhani alitaka tu nisilie. Baba alibaki ufukoni baada ya kuisukuma mashua. Alisema atatufuata. Hatukumwona tena.

"Mama yangu alijua kuwa ni hatari," nikamwambia. "Alijua na kilichokuwa nyuma yake."

Kijana alinyamaza muda mrefu. Kisha akanimiminia chai, akaniuliza jina la babu yake mkuu. Nikaona aibu: miaka 16, na hakuwa akilijua.

Magoti yaligoma kurudi kwa miguu, tukaita teksi hadi bandarini. Melini sikukaa ndani. Tulisimama juu, penye upepo, mpaka Dover, naye akiniuliza hili na lile, nami nikijibu.

Wanangu, haya hamkuyasikia kutoka kwangu. Nilidhani nikinyamaza nitawapunguzia mzigo. Niwieni radhi. Mkija Idi, niulizeni, nitawaeleza yote ninayoyakumbuka. Nanyi wazee wenzangu mliovuka kama mimi, wachukueni wajukuu pahala patulivu muwaambie, kabla hatujaondoka nayo.

Wassalaam.