Kiambishi cha Huruma: Nyimbo za Rose Muhando Zisomwapo kutoka Katindiuka, Bonde la Kilombero

1.0 UTANGULIZI

Katika uainishaji wa fasihi simulizi, nyimbo za dini na mbolezi huwekwa katika mafungu mawili tofauti. Hata hivyo, tangu M. M. Mulokozi alipochapisha makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi katika Mulika 21 (1989), imekuwa desturi kuzingatia vigezo viwili kwa pamoja: umbile la kazi yenyewe, na muktadha wa kuwasilishwa kwake kwa hadhira. Kigezo hiki cha pili kina matokeo ambayo hayajafuatiliwa vya kutosha. Ikiwa muktadha ndio unaokamilisha utanzu, basi wimbo mmoja wa kwaya unaweza kuwa wimbo wa dini Jumapili asubuhi na kuwa mbolezi jioni yake, pasipo kubadilishwa neno hata moja.

Makala hii inachunguza uwezekano huo kwa kuangalia jambo mahususi: namna wimbo wa Kikristo unavyoweza kubeba huruma kwa mtu mashuhuri aliyefikwa na dhiki mbele ya macho ya umma. Mfano uliochaguliwa ni Rose Muhando, mwimbaji wa Injili aliyezaliwa Dumila, wilayani Kilosa. Nyimbo zake zinatazamwa kutoka Katindiuka, katika mji wa Ifakara, yaani kutoka upande wa pili wa mkoa uleule wa Morogoro. Sababu ya kuchagua mahali hapo si ujirani wa ramani tu. Bonde la Kilombero lina desturi za kuomboleza zilizokwisha kuandikwa na watafiti, na desturi hizo zinatoa kipimo cha kuipimia huruma ya wimbo.

2.0 KILIO NA KWAYA BONDENI

Ifakara ni mji wa Wapogoro, Wandamba, Wambunga na wengi waliohamia. Kanisa Katoliki limekuwapo katika eneo hili na milima ya Mahenge tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Jimbo la Mahenge liliundwa mwaka 1964, na Jimbo la Ifakara likamegwa kutoka humo mwaka 2012. Wapo pia Waislamu wengi na madhehebu mengine ya Kikristo. Lugha za nyumbani ni kadhaa, lakini lugha ya kwaya kwa kiasi kikubwa ni Kiswahili.

Mwanaanthropolojia Maia Green, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu Wakatoliki wa Kipogoro wa Ulanga, ameonyesha kwamba mzigo wa maombolezo huwaangukia wanawake. Wao ndio wanaokaa na mfiwa, wanaolia na kuimba. Ameonyesha pia kuwa mapenzi ya wanawake hao kwa Bikira Maria yana mizizi humohumo: Maria ni mama aliyefiwa, na anayemwendea anamwendea kama mwenzake katika uchungu. Jambo la kusisitizwa hapa ni kwamba huruma ya aina hii haitolewi na aliye juu kwa aliye chini. Ni kukaa pamoja. Mfiwa hapewi mawaidha siku ya kwanza. Hupewa watu wa kuketi naye.

Gregory Barz, naye pia katika kitabu cha mwaka 2003, ameieleza kwaya ya Tanzania kama jumuiya zaidi ya kundi la waimbaji. Wanakwaya husaidiana katika ugonjwa, harusi na mazishi. Kwa hiyo mahali kama Katindiuka kwaya na kilio si taasisi mbili zinazokutana kwa bahati. Mara nyingi watu ni walewale. Tena wimbo haubaki kanisani. Msimu wa mpunga baadhi ya kaya za Ifakara huhamia kwenye vibanda vya mashambani kwa miezi kadhaa, na wimbo uliosikika redioni au kujifunzwa kwaya huweza kuimbwa shambani na anayepalilia au anayeamia ndege. Hapo jina la mtunzi hupungua uzito. Wimbo uliorekodiwa studio huingia katika mzunguko wa mdomo na kuwa mali ya waimbao, na kwa maana hiyo unastahili kutazamwa kama wimbo wa watu.

3.0 MTU MASHUHURI ASIYE NA MLANGO

Jirani aliyefikwa na jambo hufuatwa nyumbani kwake. Watu hupiga hodi, huketi, huchanga. Mtu mashuhuri yuko katika hali ya ajabu: anajulikana na watu wote, lakini kwa walio wengi hana mlango wa kupigiwa hodi.

Rose Muhando alikulia katika Uislamu. Kwa maelezo yake mwenyewe, akiwa na umri wa miaka tisa na mgonjwa kitandani alipata maono ya Yesu, na baada ya maradhi ya miaka mitatu akapona na baadaye kuwa Mkristo. Alianza kama mwalimu wa kwaya ya Mtakatifu Maria, Chimuli, mjini Dodoma. Januari 2005 alipata tuzo za muziki wa Injili za Tanzania, na Februari 2011 alitia saini mkataba na kampuni ya Sony. Mwanzo wake, basi, ni kwaya, na jambo hilo lina maana katika hoja inayofuata.

Mwezi Novemba 2018 ulienea mkanda wa video uliomwonyesha akiwa katika hali ya dhiki, akiombewa na mhubiri jijini Nairobi. Mkanda huo ulipita kutoka simu hadi simu. Wapo waliosikitika, wapo waliocheka, na wapo waliofanya yote mawili, yaani kusikitika na kuupeleka mbele. Kwa maadili ya Waswahili kosa la hawa wa mwisho lina jina: wameshindwa kusitiri. Aliyeutuma mkanda kwa nia ya kuomba maombi na aliyeutuma kwa nia ya kucheka wametenda tendo moja. Simu haipeleki nia.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kuwa na njia zake za kuwaangalia wakubwa walioanguka. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatazama magofu ya matajiri wa Pate na kuuonya moyo wake mwenyewe. Hapo walioanguka ni somo. Anayehurumiwa, ikiwa yupo, ni moyo wa mshairi. Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) alimpa binti aliyeaibika jina litokanalo na sifa za Bikira Maria, na uteuzi huo pekee ni aina ya utetezi. Lakini hizi ni kazi za kusomwa. Swali ni kile ambacho wimbo wa kwaya unaweza kufanya ambacho utenzi na riwaya haviwezi.

4.0 VICHWA VITATU, NAFSI TATU

Jibu linaweza kuanza na sarufi. Vichwa vitatu vya nyimbo za mwimbaji huyu vinatosha: Mteule Uwe Macho, Nibebe na Walionicheka.

Cha kwanza kimejengwa kwa nafsi ya pili. Kiambishi u- kinamwelekea msikilizaji na kumpa agizo. Huu ndio umbo lililozoeleka la wimbo wa onyo, na nyimbo za Injili nchini zimejaa onyo. Mwimbaji husimama pembeni ya njia na kumwambia apitaye ajihadhari. Umbo hili lina hatari kwa fanani mwenyewe: siku atakapojikwaa, hadhira aliyoifundisha kuonya itamgeuzia nafsi ya pili ileile.

Cha pili kina viungo vitatu: ni-beb-e. Mtendewa ni nafsi ya kwanza umoja, na mtenda hatajwi. Kitenzi nacho kinafaa kutazamwa kwa makini. Biblia ya Union Version (1952), panapozungumzwa kuchukuliana mizigo katika Wagalatia 6:2, hutumia mzizi -chukua. Hali kadhalika Isaya 46:4, ambapo Mungu anaahidi kuwachukua watu wake hadi uzeeni. Kichwa hiki kimeacha neno la madhabahuni na kushika la uani. Kiswahili kina pia kueleka, ambalo hutumika kwa mtoto mgongoni. Kubeba ni kupana zaidi: hubebwa mtoto, hubebwa mgonjwa, hubebwa gunia la mpunga. Asemaye "nibebe" amekiri kwa neno moja kwamba yeye ni mtoto na kwamba yeye ni mzigo. Wahakiki wanaoziona nyimbo za Injili kuwa na lugha nyepesi wangefanya vema kulipima neno hili kabla ya kutoa hukumu.

Cha tatu, Walionicheka, ni wimbo wa mwaka 2019, alioshiriki na Ringtone wa Kenya baada ya masaibu ya mwaka uliotangulia. Neno zima ni kishazi tegemezi: wa-li-o-ni-chek-a. Ndani yake wamo watu wa pande mbili. Mwanzoni wapo wengi, wametenda, wakati uliopita. Katikati, kati ya kirejeshi na mzizi wa kitenzi, ipo -ni-, nafsi moja iliyozungukwa. Mofolojia yenyewe inachora picha ya mtu aliye katikati ya umati.

Kwaya inapouimba wimbo kama huu, kila mwanakwaya hulazimika kuingia katika mojawapo ya viambishi hivyo. Kwa kutamka tu, anaingia katika -ni-, hata kama kwa tendo lake la simu alikuwa katika wa-. Je, huko ni kutubu au ni kujificha? Umbo la wimbo haliamui. Kuna jingine la kuutilia shaka: kirejeshi cha aina hii kina undugu na mipasho ya taarabu, ambamo anayeimba huwarudi wabaya wake. Hadhira iliyozoea mipasho inaweza kukipokea kichwa hiki kama kijembe, na -ni- ikawa ya ushindi badala ya kilio. Kila mwimbaji atakuwa na wacheka wake mwenyewe kichwani, na mwenye wimbo atakuwa amesahauliwa.

Kwa sababu hiyo makala hii inaiona Nibebe kuwa wimbo wa huruma ulio bora, ingawa haukutungwa kwa ajili ya dhiki ya 2018, na pengine kwa sababu hiyohiyo. Hauna adui ndani yake. Ulikuwapo kabla ya masaibu, kwa hiyo hauyataji na hauwezi kuyaeneza. Ukiimbwa na kwaya iliyokwisha kuuona mkanda ule, maneno ya mwimbaji yanarudi kwake kutoka vinywa vya wengine. Wale wasio na mlango wa kupiga hodi wanaomba kwa niaba yake kwa maneno aliyowaachia yeye. Muktadha umeugeuza wimbo wa dini kuwa mbolezi ya mtu aliye hai.

Kuna jambo la mwisho la kisarufi. Watu thelathini wanaosimama pamoja wangetarajiwa kuimba Tubebe. Liturujia inazo njia zote mbili: Baba Yetu husaliwa kwa nafsi ya kwanza wingi, ilhali sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa, ijapokuwa husemwa na kusanyiko zima kwa sauti moja, imewekwa katika umoja. Ya kwanza hushirikisha mahitaji. Ya pili humfanya kila mmoja ajibebee kosa lake akiwa kati ya wenzake. Nibebe ikiimbwa na kwaya hufuata njia ya sala ya kuungama. Mwanamke wa Katindiuka anayeuimba hamwombei "yeye" wa Nairobi aliyeonekana katika mkanda. Anasema "mimi", na aliye kando yake anasema "mimi", na katika hesabu hiyo ya nafsi za kwanza mwenye wimbo ni mmoja wao, hatajwi jina wala haonyeshwi kidole.