Makao Mapya ya Samaki Chini ya Bahari ya Wasini

Kwa familia za pwani zilizohamia Angurai, Malaba na Busia, samaki wa kila siku ni ngege, mbuta na omena wa Ziwa Victoria. Hata hivyo, ni nadra nyumba yenye asili ya Vanga, Shimoni au Mombasa kusahau changu wa kuchoma na tafi wa nazi. Wiki hii tunawaeleza wasomaji wetu habari za makao ya samaki hao, na za watu wanaozama baharini ili kuyajenga na kuyachunguza.

Changu na tafi hutegemea miamba ya matumbawe. Tumbawe, ijapokuwa hufanana na jiwe, ni kiumbe hai: kundi la wanyama wadogo sana wanaojijengea mifupa ya chokaa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida kwa sababu ya El Niño, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ikageuka nyeupe, kisha ikafa. Palipovutwa majuya na kutupwa nanga, hata mifupa iliyosalia ilivunjika ikawa kifusi. Tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kifusi kinachosukwasukwa na mawimbi. Lataka mahali palipotulia. Ndiyo sababu ya kujengwa miamba ya kutengenezwa.

Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale, shirika la REEFolution hushusha vizimba vya chuma na maumbo ya zege yaliyopachikwa chupa, kisha vipande vya matumbawe hai vilivyokuzwa kwenye vitalu vya baharini hupandwa juu yake. Miongoni mwa wapiga mbizi wake wamo wenyeji waliofunzwa papo hapo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi wameshirikiana nao. Pwani ya Mombasa iko njia nyingine: mwaka 2002 meli MV Dania, iliyokuwa ikisafirisha mifugo, ilizamishwa kwa makusudi karibu na Bamburi. Sasa imelala kwenye kina cha mita 30 hivi, nayo imekuwa maskani ya samaki.

Kujenga ni mwanzo tu. Kazi kubwa ni kuhesabu. Wapiga mbizi huzama wawili wawili, kwa usalama wao. Hutandika utepe wa kupimia chini ya bahari, mara nyingi wa mita 50, kisha huogelea polepole wakihesabu samaki walio kandokando yake. Kila samaki hutajwa kwa aina na kukadiriwa urefu, na yote huandikwa kwa penseli juu ya kibao cha plastiki. Samaki huhesabiwa kwanza, kabla hawajakimbia. Baadaye huja zamu ya matumbawe, ambayo hupimwa na kupigwa picha ndani ya fremu ya mraba. Kazi hii yataka subira, kwani tumbawe la matawi huweza kukua sentimita 10 kwa mwaka, bali lile la mviringo hukua yapata sentimita 1 tu.

Hesabu hiyo hurudiwa mahali patatu: kwenye mwamba uliotengenezwa, kwenye mwamba wa asili, na kwenye mchanga mtupu. Swali linaloulizwa lina uzito kwa kila nyumba inayokula kwa dema na mshipi. Je, mwamba mpya umezalisha samaki, au umewakusanya tu kutoka kwa jirani? Ikiwa umewakusanya tu, basi wavuvi watawamaliza upesi zaidi, maana wamewekwa pamoja. Kwa hiyo wapiga mbizi hutafuta samaki wachanga, na hutazama kama idadi inapanda mwaka baada ya mwaka bila mwamba wa jirani kupungukiwa.

Uchunguzi huo hukinga pia dhidi ya hasara. Katika jimbo la Florida, Marekani, miaka ya 1970, matairi yapatayo milioni 2 yalizamishwa yawe makao ya samaki. Kamba zake zilikatika, na matairi yakaburutwa na mawimbi hadi kuumiza matumbawe ya asili. Nia njema haikutosha.

Wanawake wa Wasini wana fungu lao katika habari hii. Kikundi chao huendesha njia ya mbao ipitayo juu ya bustani ya matumbawe ya kale, na ada ya wageni huwa pato lao. Nao akina mama wanaotoka na maji ya bamvua kutafuta pweza na chaza wanaweza kusaidia bila kuzama: wakanyage mchangani, wasipindue mawe wakayaacha chali, wala wasivunje tumbawe kumtoa pweza pangoni. Kipande kinachovunjwa kwa dakika moja kitamgharimu mpiga mbizi miaka kadhaa kukirudisha.